Mashine Mpya Iliyomeza Jina Langu

Msomaji mmoja aliniandikia wiki iliyopita kwamba upole wangu umepita kiasi. Kwamba mtu wa namna yangu akikanyagwa mguu, yeye ndiye huomba radhi. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mara ya tatu nikakasirika, kwa sababu ni kweli.

Basi asome na haya.

Nilipoishia, nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza kubwa tangu nimalize chuo: kuitengenezea kliniki ya macho tovuti ya wagonjwa kushika nafasi, ili wasije kupanga foleni tangu alfajiri. Wiki sita niliifanya peke yangu, kwa kompyuta yangu ya zamani. Kisha mkurugenzi wetu, tunayemwita Madamu, akaweka mezani kompyuta mpya ya ofisi na kusema nichague. Hiyo, au yangu.

Nilichagua. Na laiti ningechagua kwa akili, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Kompyuta yangu ya zamani ofisini iliitwa Jiwe la Kusagia. Ilikuwa na miaka minane, nzito, kona moja imefungwa kwa gundi, na feni yake ilikuwa ikinguruma kuanzia asubuhi. Nikiiwasha tu, mtu atauliza, "Leo unasaga nini, bibie?" Wote wacheke. Na mimi nicheke nao, mjinga wa watu.

Dada yangu ndiye aliyeninunulia, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Yeye ni fundi cherehani. Alishona sare za shule mbili nzima mpaka vidole vikaota sugu, akaileta nyumbani imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Nilipopewa kuchagua, nilikwenda kwanza kwa fundi kompyuta, mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Yeye ndiye aliyeiongezea Jiwe kumbukumbu mpaka ikafika giga kumi na sita.

"Hiyo mpya ina giga ngapi?" akaniuliza.

"Nane."

"Zinaongezeka?"

"Hapana. Zimegandishwa humo humo."

"Na wewe ukiwa kazini unafungua vitu vingapi kwa pamoja?"

Nikamhesabia: sehemu ya kuandikia, brauza mbili, hifadhidata, seva ya majaribio.

Akacheka. "Basi hiyo ni gauni la harusi. Zuri, jepesi, linang'aa. Lakini shamba hulilimii. Hii yako nikiitia feni na betri mpya, itatuzika mimi na wewe."

Dada naye aliposikia hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema, akakata uzi kwa meno.

Niliwasikia wote wawili. Lakini wiki hiyo hiyo tulikuwa tumekwenda kliniki kuonyesha kazi ilipofikia, Jiwe likaanza kunguruma katikati ya maelezo yangu, na daktari mkuu akauliza kwa upole kama umeme umekatika na jenereta limewashwa. Aliyecheka wa kwanza alikuwa mwenzangu wa ofisini. Aliyenishika bega wa kwanza tulipotoka nje alikuwa yeye huyo huyo.

Huyo ofisini tunamwita Mtanashati. Viatu vyake havijui vumbi. Nyinyi mnamjua tangu sehemu ya pili, ndiye aliyenikaribisha siku yangu ya kwanza.

"Mtu mwenye kichwa kama chako hafai kubeba chuma chakavu," akaniambia. "Chukua mpya. Nitakuandalia mwenyewe, kwa mikono yangu. Kesho asubuhi unakuta kila kitu tayari."

Kilemba cha ukoka kile, nikakivaa mpaka masikioni.

Kesho yake nikaikuta mezani, nyembamba kama daftari, kioo kinang'aa. Nikaiita Bi Harusi. Betri yake ilikaa kutwa nzima. Haikutoa hata sauti.

"Usiguse mipangilio," Mtanashati akasema. "Ukiigusa utaharibu. Wewe weka kazi yako tu, tuanze ghala jipya, safi."

Hapa lazima niwaeleze kitu kimoja, maana ndicho kilichonichinja.

Ghala ni mahali pa pamoja mtandaoni ambapo sisi watengeneza tovuti huweka kazi yetu kila tunapomaliza kipande. Kila ukiweka kipande, huandikwa vitu vitatu: tarehe, maelezo mafupi, na jina. Maelezo unayaandika mwenyewe kila mara. Jina huliandiki. Mashine huambiwa jina mara moja tu, siku inapoandaliwa, na tangu siku hiyo hulibandika yenyewe.

Mimi nikahamisha mafaili ya kazi kwa flashi, nikaiacha nyuma folda iliyofichwa, ile yenye kumbukumbu ya wiki zangu sita. Ghala jipya, safi. Jiwe nikampa dada, aliyekuwa akitaka mahali pa kuhifadhi vipimo vya wateja wake. Wiki iliyopita ndipo akalipeleka kwa fundi lisafishwe, maana lilikuwa linamngurumia mpaka wateja wanashindwa kusikilizana.

Nikafanya kazi miezi mitatu. Bi Harusi alikuwa akiganda kila nikifungua brauza ya pili, nikikaa namtazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Sikulalamika. Nilikwenda kliniki nikakaa kwenye mabenchi na wagonjwa. Nikamwona mzee mmoja mwenye fimbo akiishika simu mbali, kisha karibu, kisha anampa mjukuu wake. Nikarudi, nikafanya herufi zikue zenyewe kila mtu akikaa sana bila kubonyeza kitu. Nikakiweka kitufe cha kushika nafasi chini, kidole gumba kinapofika bila kutafuta.

Yote hayo nilimsimulia Mtanashati wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa msikilizaji mzuri sana.

Sasa ya Jumatatu hii.

Saa tano asubuhi Madamu alituita wawili kwenye chumba cha kikao. Ukutani ule ubao mweupe ulikuwa umejaa michoro ya Mtanashati. Yeye ndiye huandika siku zote, kwa mwandiko wake wa madaha, kila neno likiishia na mkia mrefu kama wa tumbili.

"Kliniki imetaka mtu mmoja wa kukaa na mfumo wao miaka miwili," Madamu akasema. "Mmoja. Mwingine mkataba wake unaishia Ijumaa, sina kazi nyingine ya kumpa. Nitamchagua aliyeijenga. Na sitaki maneno. Nitafungua ghala. Ghala halina shangazi wala mjomba."

Naapa nilitabasamu. Mimi, ninayeogopa hata kuomba chumvi mezani, nilikaa kwenye kiti nikatabasamu. Nilijua kilichomo.

Madamu akafungua. Akashusha ukurasa. Akashusha tena. Akashusha mpaka mwisho.

"Vipande mia tatu na kumi na viwili," akasema. "Vyote vya mwenzako."

Nikadhani amekosea. Akanigeuzia kioo.

Jina lake. Jina lake. Jina lake. "Nimekuza herufi kwa wazee," jina lake. "Nimesogeza kitufe chini," jina lake. Maneno yangu, tarehe zangu, hata siku niliyofanya kazi nina homa, jina lake.

Mtaniuliza: miezi mitatu hukuona? Sikuona. Mimi nikifungua ghala husoma maelezo, nijue nilifikia wapi jana. Jina nilisome la nini? Ni kama kuitazama pua. Iko mbele ya macho kila siku na huioni.

"Madamu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyefanya. Vyote."

Madamu akamgeukia Mtanashati. Nilimtazama nikingoja acheke, aseme, lo, nilisahau, hiyo mashine niliiandaa mimi. Kwa dakika hiyo bado nilikuwa nampenda kama kaka.

"Alinisaidia," akasema. "Mambo ya rangi. Ana jicho zuri la rangi."

Jicho zuri la rangi.

"Muulize kwa nini herufi zinakua zenyewe," nikamwambia Madamu. "Muulize."

Madamu akamwuliza.

Akajibu. Akamleta yule mzee mwenye fimbo, jinsi alivyoishika simu mbali, kisha karibu, kisha akampa mjukuu. Hata yale mabenchi aliyakalia yeye. Alisimulia vizuri kuliko mimi, mpaka Madamu akatikisa kichwa taratibu, kwa kuguswa.

Kitu kikanipanda. Si machozi. Machozi yangu nayajua. Hiki kilikuwa cha moto.

"Una ushahidi wowote?" Madamu akaniuliza. Hakuniuliza kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi. "Maana mimi naamini ninachokiona."

"Kompyuta yangu ya zamani. Wiki sita za kwanza zimo, kwa jina langu."

"Ilete. Saa kumi natoa uamuzi. Na hiyo mpya iache hapa mezani, isiguswe na mtu."

Nilimkamata Mtanashati kwenye korido, karibu na chombo cha maji ya kunywa.

"Uliweka jina lako," nikasema.

"Jina gani?"

"Kwenye mashine. Uliponiandalia."

"Aa. Itakuwa nilisahau kubadilisha. Mtu unakuwa na mambo mengi."

"Miezi mitatu?"

"Na wewe miezi mitatu hukuangalia. Tugawane lawama, dada."

"Basi rudi ukamwambie ulisahau."

Akatazama ncha za viatu vyake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa laini, na nadhani ndiyo sauti yake ya kweli. "Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Wewe unalala kwa dada yako, unakula kwa dada yako. Ukiikosa kazi hii, unakosa nini hasa?"

 Jibu nimelipata baadaye, njiani, kama kawaida yangu. Pale nilichopata ni mdomo.

"Ya zamani ina jina langu," nikamwambia, na sauti ikapanda mpaka mhasibu akachungulia mlangoni. "Wiki sita kabla hujaijua hata njia ya kliniki. Iko kwa fundi nyuma ya kituo cha mafuta, na saa kumi utaiona mezani."

Hasira ya mtu mpole ina ubaya huo. Ikitoka, hutoka na funguo za nyumba.

Yeye ana pikipiki. Mimi nina miguu. Na mimi, kwa kufuata taratibu zangu, nikaenda kwanza nyumbani kuchukua karatasi ya fundi, maana nilidhani fundi yule hatoi kitu cha mtu bila karatasi yake.

Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakata kitambaa, utepe wa kupimia shingoni.

"Karatasi ya fundi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya kompyuta, dada. Haraka."

"Ile ndogo ya njano? Nimeandikia vipimo nyuma yake. Imo kwenye koti la yule mama mwenye mabega."

"Koti lipi?"

"Ngoja kwanza. Una nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hali kapiga magoti vile vile, mkasi mkononi. Nilipofika kwenye jicho zuri la rangi, akasimama.

"Huyo ndiye uliyempelekea sahani ya chakula alipougua?"

"Ndiye."

"Niliyemshonea kola ya shati bure?"

"Ndiye, dada."

 Akachomoa pini kwenye koti, akatoa karatasi, akafunga mlango kwa komeo, na tukaondoka, yeye na utepe wake shingoni. Njia nzima alikuwa mbele yangu hatua tatu.

Fundi tulimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, chuma cha kulehemea nyaya kinafuka moshi. Jiwe la Kusagia lilikuwa juu ya rafu, limefungwa vizuri, feni mpya. Moyo wangu ukashuka mahali pake.

"Diski yake," nikasema. "Umeifuta?"

"Mimi sifuti kitu cha mtu kabla ya siku saba. Watu hurudi wakilia hapa, wanataka picha za marehemu. Niliitoa, nikaiweka pembeni, nikatia nyingine yenye kasi."

"Alhamdulillahi," dada akasema.

"Leo ni ya sita," fundi akasema. "Lakini si mmeshaichukua?"

Dada akaiinua ile karatasi ya njano.

"Asubuhi hii," akaendelea, akitutazama mmoja mmoja. "Ilikuwa karibu saa sita. Kaja mtu na pikipiki, kasema umemtuma, anataka kazi zako zilizokuwa kwenye kompyuta ya dada fundi cherehani, na karatasi imepotea. Nikamwambia asiye na karatasi anaandika daftarini."

"Alikuwa nani?" dada akauliza.

"Kofia ya pikipiki hakuvua. Na mimi nilikuwa na hiki mkononi," akainua kile chuma cha moto. "Nilisikia sauti tu. Mtu mwenye adabu sana."

"Adabu," dada akasema, kama mtu anayetema kokwa.

Nikaomba daftari. Lilikuwa na safu mbili kila ukurasa: mwenye mali, na aliyechukua. Nikashusha kidole mpaka mstari wa mwisho.

Mwenye mali: jina langu, majina yote matatu.

Aliyechukua: jina langu, majina yote matatu.

Na kila neno likiishia na mkia mrefu, kama wa tumbili.

Nilisimama pale na daftari mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikacheka. Kicheko kibaya. Dada akanishika kiwiko. Mtu huyu miezi mitatu ameibandika kazi yangu jina lake, na siku anayoiba, ndipo anapolikumbuka langu.

"Naomba niondoke nalo," nikamwambia fundi.

"Daftari haliondoki. Humo mna mali za watu sitini."

"Litarudi leo leo."

"Haliondoki, binti. Hata mke wangu simpi."

Dada akavuta kigoda cha wateja, akaketi, akakunja mikono juu ya utepe wake. "Mimi nabaki hapa. Daftari likirudi, naondoka. Lisiporudi, nitakushonea mapazia mpaka uzee."

Fundi akamtazama. Akatazama mapazia yake, ambayo kusema kweli yalikuwa magunia mawili. Akanisukumia daftari.

"Nenda," dada akasema. "Na ukifika huko usilie. Lia ukirudi."

Sikulia. Nilitembea, halafu nikakimbia, daftari nimelibana kwapani, na njiani ndipo jibu la korido likanijia. Ukiikosa kazi hii unakosa nini hasa? Nakosa yule mzee mwenye fimbo. Nakosa vile vidole vya dada vyenye sugu. Kwani mtu akilala kwa dada yake, alichokitengeneza kinakuwa cha yeyote anayepita?

Saa tisa na dakika arobaini nikaingia chumba cha kikao bila kubisha hodi.

Madamu alikuwa amekaa kichwani mwa meza, kalamu yake nyuma ya sikio. Bi Harusi alikuwa mbele yake, amefungwa, anang'aa. Mtanashati alikuwa kiti cha pembeni, miguu ameikunja, anakunywa maji.

"Kompyuta iko wapi?" Madamu akauliza.

"Iko kwa fundi. Diski yenye kazi yangu imechukuliwa leo asubuhi na mtu asiye mimi." Nikaweka daftari mezani, nikalifungua. "Aliandika hapa."

Madamu akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena, kwa kidole, safu ya kwanza na ya pili.

"Hili ni jina lako."

"Ndiyo."

"Mara mbili."

"Ndiyo, Madamu."

"Kwa hiyo diski umeichukua wewe mwenyewe," akasema taratibu, "halafu umekuja kuniambia imeibwa."

Sikuwa nimeliona shimo hilo. Kote nilikokimbia na lile daftari kama tuzo, sikuliona. Alilichimba kwa jina langu, na mimi nikaja nimelibeba kwapani mpaka mezani.

Mtanashati akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Tusimlaumu sana, Madamu. Amechoka. Mimi mwenyewe nimemwona kwenye korido, alikuwa akipiga kelele. Muulize mhasibu."

"Ulitoka leo?" nikamwuliza.

"Nilikwenda kula. Ni kosa?"

"Madamu, si mwandiko wangu huo. Tazama mikia ya maneno. Halafu tazama ubaoni."

Nikanyoosha mkono ukutani.

Ubao ulikuwa mweupe pe. Hakuna mchoro, hakuna neno. Umefutwa mpaka ukang'aa, na kitambaa cha kufutia kimekunjwa vizuri pembeni, pembe nne sawasawa, kama leso ya mtu nadhifu.

"Niliufuta mchana," Mtanashati akasema. "Ulikuwa mchafu."

 Saa ya ukutani ilikuwa ikinipigia kichwani. Nilijua ninachotakiwa kufanya, maana nimekifanya maisha yangu yote: kufunga daftari, kusema samahani kwa usumbufu, kwenda kulia chooni. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kulifunga.

Nikaiona mikono ile. Nikaichukia.

Nikalifungua tena. Nikalisukuma mbele ya Mtanashati.

"Andika jina langu," nikasema.

"Nini?"

"Majina yote matatu. Hapa, chini ya haya."

Akamgeukia Madamu akicheka. "Sasa huu ni utoto."

"Ni jina tu," nikasema, na sauti ile haikuwa ya kifaranga. Mimi mwenyewe sikuijua. "Lako limeandikwa mara mia tatu na kumi na mbili bila tabu. Langu ni mara moja."

Madamu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ukosi wa blauzi, akaivaa tena. Alimtazama yeye, si mimi.

"Muandikie," akasema.

Mtanashati akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Akaifungua. Akaitazama ncha. Akaifunga.

"Imekwisha wino," akasema. Haikuwa imegusa karatasi.

Madamu akaichomoa yake nyuma ya sikio, akaisukuma mezani. Ikaviringika mpaka ikamgonga Bi Harusi, ikasimama.

Chumba kizima kilikuwa kikimngoja. Aliitazama kalamu ile kama mtu anayehesabu. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua, akainama juu ya daftari.

Miezi yote hii nimekaa meza moja na mtu huyu. Namjua anavyokula, anavyofunga tai, anavyoshika kalamu ubaoni, siku zote kwa mkono wa kulia.

Aliichukua kwa mkono wa kushoto.